Naamka saa nane usiku: je, bangi ya tiba itanifaa?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 51. Yapata miezi minane sasa usingizi umenikimbia. Napanda kitandani saa tatu usiku, usingizi unanichukua kama saa nne, lakini ikifika saa nane macho yako wazi. Nageuka huku na huku mpaka karibu saa kumi na moja, ndipo napata lepe la saa moja hivi kabla ya kuamka saa kumi na mbili. Mume wangu anasema siku hizi nakoroma kuliko zamani. Natumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, tangu damu iliponiganda mguuni. Binti yangu anaishi katika nchi ambako bangi ya tiba inaruhusiwa, na ameahidi kunitumia peremende laini zenye miligramu 10 za THC kila moja. Yeye hula moja kila usiku na analala fofofo. Je, zitanifaa? Na nikianza, nitaweza kuziacha?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Binti yako hasemi uongo. THC, yaani kile kiungo cha bangi kinacholewesha, humlaza mtu, na siku za mwanzo humlaza upesi. Wala si habari mpya. Mwaka 1890 daktari Mwingereza, John Russell Reynolds, aliandika katika jarida la Lancet akiisifu bangi kwa wazee wanaokesha na kuhangaika usiku. Kwa hiyo sitakujibu kwa kukutisha. Ila kumlaza mtu ni jambo moja, na kumtibu tatizo la kukosa usingizi ni jambo jingine, na katika maelezo yako mafupi umetaja vitu vitatu vinavyonifanya niseme peremende hizo zibaki huko huko ziliko. Nitavifikia. Kwanza tuelewane bangi inafanya nini kichwani, maana hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Mwili wenyewe hutengeneza kemikali zinazofanya kazi kama ya THC. Mojawapo ilipogunduliwa mwaka 1992 iliitwa anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya raha tele. Kemikali hizi hushika kwenye vipokezi viitwavyo CB1, ambavyo vimejaa kwenye ubongo, na kazi yao kubwa ni kutuliza: neva moja ikizidi kumpigia mwenzake kelele, yule anayepigiwa humrudishia ishara ya kushusha sauti. THC, ambayo Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga huko Israeli mwaka 1964, huingia kwenye vipokezi hivyo hivyo, lakini yenyewe haichagui. Hushusha sauti kila mahali kwa pamoja. Mawazo yanalegea, maumivu yanasogea mbali, kope zinakuwa nzito. CBD, kiungo kingine cha mmea huo huo, haimleweshi mtu wala haikamati CB1 kwa namna hiyo, na kwa dozi ndogo imewahi kuonekana ikimweka mtu macho badala ya kumlaza. Ndiyo maana ninaposikia mtu akisema tu kwamba "bangi inaleta usingizi", humwuliza: bangi ipi, yenye nini, kiasi gani?

Sasa tazama usiku ulivyo. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na ndani ya mzunguko kuna kipindi cha ndoto, macho yakichezacheza chini ya kope zilizofungwa. Kwa mtu mzima, vipindi hivyo vikijumlishwa hufika karibu robo ya usingizi wote. THC hupunguza sehemu hiyo. Watumiaji wa kila siku watakwambia wenyewe kwamba siku hizi hawaoti. Wapo wanaolihitaji hilo hasa. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2015, wanajeshi 10 wa Kanada waliosumbuliwa na majinamizi baada ya matukio ya kutisha walipewa nabilone, dawa ya maabara inayoiga THC, na majinamizi yakapungua. Kwa mtu ambaye ndoto ndizo zinazomwamsha akipiga mayowe, hiyo ni nafuu ya kweli. Wewe hukunitajia majinamizi.

Kisha vipokezi vyenyewe. Vikigongwa na THC usiku baada ya usiku, ubongo huvipunguza. Dozi iliyokuangusha wiki ya kwanza, wiki ya sita inakuacha ukitazama dari, basi unaongeza. Habari njema ni kwamba vipokezi hurudi: picha za ubongo za watu waliokuwa wakivuta kila siku zimeonyesha hivyo baada ya takriban wiki nne za kuacha. Habari isiyo njema ni hizo wiki nne zenyewe.

Umeniuliza kama utaweza kuziacha. Utaweza. Hii si heroini. Lakini arosto ya bangi ipo, na tangu mwaka 2013 imo katika mwongozo wa magonjwa ya akili unaotumiwa na madaktari wa Marekani na wengi kwingineko. Huanza siku moja hadi tatu baada ya kuacha, hufika kileleni ndani ya wiki ya kwanza, na mengi yake huisha kwa wiki mbili: hasira za karibu, chakula hakipandi, jasho, kutotulia. Na dalili inayong'ang'ania kuliko zote, ambayo yaweza kupita hata mwezi, ni kukosa usingizi. Zile ndoto zilizobanwa nazo hurudi kwa mkupuo, kali na za ajabu, kiasi kwamba mtu anaogopa kulala.

Mtego uko hapo. Namkumbuka mgonjwa mmoja aliyekuwa ameacha mara nne, na kila mara alirudi karibu siku ya tano. Akaniambia kwa uhakika kabisa, "Daktari, mimi bila bangi silali." Nikamwuliza kabla hajaanza alikuwa akikesha siku ngapi kwa wiki. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema mbili, labda tatu. Sasa, kila alipoiweka kando, alikesha zote saba. Alichokiita ugonjwa wake kilikuwa ni arosto imevaa nguo za ugonjwa, naye akaitibu arosto kwa kitu kile kile kilichoileta.

Utaniambia, mbona tafiti zinasema inasaidia? Zipo, na nitakutajia kwa haki yake. Mwaka 2017 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani zilipitia ushahidi wote wa bangi na kukubali kwamba, kwa uzito wa kati, viambato vyake huboresha usingizi kwa muda mfupi kwa watu ambao usingizi wao umevurugwa na ugonjwa mwingine, kama maumivu sugu au ule ugonjwa wa neva unaoharibu utando wa mishipa ya fahamu na kukaza misuli. Soma tena maneno mawili hapo: muda mfupi, na ugonjwa mwingine. Mtu anayeamshwa na maumivu, ukiyapunguza maumivu atalala. Hapo bangi imetibu kilichomwamsha. Kwa kukosa usingizi kwenyewe, jaribio ninalolipenda zaidi ni la Australia, lililochapishwa mwaka 2021: watu 24, kila mmoja akipewa mafuta ya bangi kwa wiki mbili na mafuta bandia kwa wiki mbili nyingine bila kujua yapi ni yapi. Walilala vizuri zaidi kwenye mafuta ya kweli. Ni jaribio safi, silidharau. Lakini wiki mbili ni fungate. Mimi nataka kujua ndoa ilikuwaje mwezi wa sita.

Kwa upande wa CBD peke yake, kuna kliniki moja ya magonjwa ya akili Marekani iliyofuatilia watu wazima 72 na kutoa matokeo yake mwaka 2019. Theluthi mbili walilala vizuri zaidi mwezi wa kwanza, kisha alama zao zikawa zinapanda na kushuka. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo huwezi kujua ni dawa, ni muda, au ni faraja ya kusikilizwa na daktari. Kuhusu CBN, kiungo kingine tena cha bangi, ambayo siku hizi inanadiwa kama "bangi ya usingizi", matangazo ni mengi kuliko ushahidi. Na hakuna mamlaka kubwa ya dawa iliyoidhinisha bangi ya aina yoyote kwa ajili ya kukosa usingizi. Epidiolex, dawa ya CBD iliyopitishwa Marekani mwaka 2018, ni ya aina kali za kifafa.

Basi turudi kwako, na vile vitu vitatu.

Cha kwanza ni koroma. Mama wa miaka 51 aliyeanza kukoroma kuliko zamani, na anayeamka katikati ya usiku bila sababu, mimi simwandikii dawa yoyote ya kulala kabla sijajua kama pumzi yake inakatika usingizini. Koo hulegea na kujifunga, hewa haipiti, oksijeni inashuka, ubongo unashtuka na kukuamsha ili uvute pumzi. Wewe unakumbuka kuamka tu, hukumbuki kukabwa. Kwa wanawake hali hii huongezeka wanapokaribia kukoma hedhi na baada yake, na wengi hawagunduliki kwa sababu wanalalamikia usingizi, hawalalamikii pumzi. Mwombe mume wako akae macho nusu saa usiku mmoja, asikilize. Koroma ikinyamaza ghafla kwa sekunde kumi au zaidi, kisha ikarudi kwa kishindo kama mtu anayeibuka kutoka majini, hiyo ndiyo ninayoitafuta. Umeamka na kichwa kinauma? Unasinzia mchana ukiwa umekaa kimya? Yote hayo mpelekee daktari wako, naye aombe kipimo cha usingizi. Nikiwa mkweli, bangi imejaribiwa hata hapa: mwaka 2018 watafiti waliwapa watu 73 dronabinol, ambayo ni THC ya maabara, kwa wiki sita, na kukatika kwa pumzi kukapungua. Mwaka huo huo Chuo cha Marekani cha Tiba ya Usingizi kilitoa tamko kwamba bangi isitumike kutibu tatizo hilo, kwa kuwa ushahidi hautoshi. Mashine ya kusukuma hewa puani inajulikana inavyofanya kazi, hili halijajulikana.

Na kwa umri wako niulize pia, kwa haraka: unapoamka saa nane, umelowa jasho? Kama joto la ghafla ndilo linalokuamsha, hilo lina tiba zake, ingawa kwa mtu aliyewahi kuganda damu homoni si za kuchukua kiholela.

Cha pili ni warfarin, na hapa sitanii. Ini lako huivunja warfarin kwa kutumia vimeng'enya ambavyo CBD huvibana, na THC nayo hupitia njia hiyo hiyo. Warfarin ikichelewa kuvunjwa inarundikana, kipimo chako cha INR, kile kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinapanda, na unaweza kuvuja damu tumboni au kichwani bila hata kujikwaa. Wapo wagonjwa walioripotiwa katika majarida ya tiba ambao INR yao ilipanda baada ya kuanza bangi. Utasema peremende ya binti yako ni ya THC, haina CBD. Unajuaje? Mwaka 2017 watafiti walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni wakazipima: ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na bidhaa 18 zilikuwa na THC ndani. Duka lenye leseni lina nafuu, lakini warfarin ni dawa inayotaka kujua hata ulichokula jana.

Cha tatu hukukitaja kama tatizo, ila mimi nimekihesabu. Unapanda kitandani saa tatu usiku, unashuka saa kumi na mbili asubuhi. Ni saa tisa. Kati ya hizo umelala nne kabla ya saa nane, na moja alfajiri. Saa tano ndani ya tisa. Saa nne nzima kila usiku kitanda chako kinakufundisha kwamba hapa ni mahali pa kugeuka na kuwaza. Miezi minane ya somo hilo!

Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa Marekani, alikuwa na njia rahisi ya kulieleza hili. Kuna maumbile yanayokuweka karibu na kukesha, kuna kilichokuanzishia, na kuna yale unayoyafanya wewe mwenyewe ili ujiokoe, ambayo ndiyo yanayolidumisha tatizo. Kuwahi kitandani ili "ufidie" ni mfano wake wa kwanza. Hakuna peremende inayogusa sehemu hiyo ya tatu. Inaifunika, na siku ukiacha unaikuta pale pale, imenenepa.

Tiba yake ipo, na Chuo cha Madaktari cha Marekani mwaka 2016 kiliiweka mbele ya vidonge vyote kwa watu wazima: tiba ya kubadili fikra na mazoea ya usingizi. Jina linachosha, kazi yake haichoshi, isipokuwa wiki mbili za mwanzo ambazo ni mateso matupu. Kwako ingekuwa hivi. Wiki moja unaandika kila asubuhi ulipanda saa ngapi, unakadiria ulilala saa ngapi, bila kutazama saa usiku. Tuseme wastani unabaki saa tano. Tunakupa dirisha la saa tano na nusu: kitandani saa sita na nusu usiku, chini saa kumi na mbili kamili asubuhi, Jumapili hadi Jumamosi. Najua unavyowaza; mtu asiyelala anaambiwa apunguze kitanda. Lakini baada ya siku chache usingizi unakuwa na njaa, na saa nane usiku inapita bila wewe kuiona. Ukiona unalala asilimia 85 ya muda unaokaa kitandani, unaongeza robo saa. Wiki inayofuata, robo saa nyingine. Ukiamka katikati na usingizi haurudi, unatoka, unakaa kwenye kiti sebuleni na taa hafifu, unarudi pale tu kope zinapoanguka. Siku hizo za mwanzo usiendeshe gari ukiwa unasinzia. Na usianze dirisha hili kabla ya koroma kuchunguzwa, maana kumbana usingizi mtu ambaye pumzi inakatika ni kumwongezea mzigo.

Wapo ambao ningewakubalia bangi, nisikufiche. Mtu mwenye maumivu ya saratani, au misuli inayokakamaa usiku, ambaye amejaribu yaliyo ya kawaida, ambaye sheria ya mahali alipo inaruhusu, na ambaye daktari anamfuata. Yeye ningemwanzia miligramu 2.5 za THC. Kumi, kwa asiyezoea, ni nyingi: watafiti wa Marekani tangu 2021 wanahesabu miligramu 5 kuwa kipimo kimoja, kwa hiyo peremende ya binti yako ni viwili kwa mkupuo. Ningemwambia pia kwamba iliyoliwa si kama iliyovutwa. Ya moshi hupanda kwa dakika chache na kuisha kwa saa mbili hadi nne, hivyo ukivuta saa tatu usiku, saa nane unaamka vile vile. Iliyoliwa hukawia nusu saa hadi saa mbili, kwa sababu hupita kwanza kwenye ini na kugeuzwa kuwa kitu chenye nguvu zaidi, kisha hudumu saa sita, nane au hata zaidi. Kosa la kila mgeni ni moja: "mbona sisikii kitu", anaongeza ya pili, halafu zote mbili zinafika pamoja, moyo unakwenda mbio na mtu anadhani anakufa. Na anayeila saa nane usiku alipoamka, asubuhi atakuwa bado mlevi kwenye usukani. Mwenye mimba, mwenye ugonjwa wa moyo usiotulia, aliyewahi kuchanganyikiwa akili au ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja ana skizofrenia, simpi hata nusu. Wala haichanganywi na pombe au vidonge vingine vya kulaza.

Ukiwa umeshaonja chochote cha bangi, hata mafuta ya kudondosha mdomoni, usione aibu: mwambie anayekupimia INR na upimwe mapema kuliko tarehe yako.

Kuhusu kifurushi, mwambie binti yako asikitume. Kwa mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, bangi kuvuka mpaka inahitaji kibali cha nchi inakotoka na cha nchi inakokwenda, na ruhusa yake ya kununua huko haivuki mpaka pamoja na kifurushi. Mamlaka za forodha hazitauliza kama ni ya mama asiyelala. Na mkizungumza, mwulize kwa upole mara ya mwisho yeye kulala bila peremende ilikuwa lini.